Mwanahawa Alishazikwa

Niseme mapema kwamba hakufa mtu. Watu wa kijijini kwetu walitaka pawe na maiti katika habari yangu, maana mwanamke akilala siku tisa akiutazama ukuta, muhogo wake juani unaliwa na kuku wa jirani, basi lazima kuna msiba. Hapakuwa na msiba. Mume wangu Athumani alikuwa mzima, mwanangu mzima, na mikorosho yetu haikuwa na kasoro. Mimi ndiye niliyekuwa mtupu. Hata kulia sikuweza, na kulia kungekuwa nafuu.

Huo ulikuwa mwaka 1974, na kijiji chetu cha ujamaa, si mbali na Msimbati, kilikuwa bado kipya. Katibu alikuwa na daftari la kazi za shamba la pamoja, na mbele ya jina langu aliandika "mvivu" wiki nne mfululizo. Simlaumu sana. Hakuwa na neno jingine, na mimi pia sikuwa nalo.

Dada yangu Somoe ndiye aliyenipeleka Mtwara mjini, kwenye kliniki moja ambako daktari wa Dar es Salaam alikuja mara chache kwa mwaka. Daktari alinisikiliza mpaka chai yake ikapoa. Akasema hii ni huzuni iliyogeuka kuwa ugonjwa, na kuna dawa mpya ambayo bado inajaribiwa. Watu ishirini wa kwanza watapewa, wakikubali kuchunguzwa. Nilikubali kabla hajamaliza kusema. Akaandika jina langu, Mwanahawa Issa, akanieleza kuwa kibali kinatoka juu na kwamba barua itanifuata nyumbani baada ya miezi mitatu.

Basi wakanipiga kalenda. Miezi mitatu ilipopita nilidandia lori la ushirika nikaambiwa faili liko Dar. Mwezi wa sita faili limerudi, linasubiri saini. Mwezi wa saba mwenye kusaini yuko semina. Muuguzi wa pale, Sista Agnes, aliniambia yote haya kwa upole, na upole wake ulinikera kupita kiasi. Nilitamani anifokee ili na mimi nipate pa kuanzia. Wao walikuwa na semina, na mimi nilikuwa na usiku mmoja baada ya mwingine wa kuuvuka, bila saini ya mtu.

Mwezi wa nane Athumani alinikuta kwenye mikoko ya mdomo wa Ruvuma, maji yamenifika kifuani na bado yanajaa. Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka tu kwamba aliponiita niliudhika.

Hapo Somoe akasema karatasi sasa basi. Nyumbani kwetu mgonjwa aliyeshindikana hubadilishwa jina. Alininyoa nywele, akanikosha, akaichukua kanga niliyougulia akaifukia nyuma ya nyumba, na jina langu pamoja nayo. Nikawa Esha. Sharti lilikuwa moja: jina la zamani lisitamkwe na yeyote, wala mimi nisiliitikie, kwa sababu ugonjwa unalijua jina hilo tu, na ukiitwa utarudi. Somoe alipita nyumba kwa nyumba kuwaambia watu. Niliridhia, maana kubisha kunataka nguvu.

Nilipata nafuu ya kuinuka, si zaidi. Lakini Mwanahawa hakutulia alikofukiwa. Kila jioni, nikiwa jikoni nasonga ugali, nilimsikia nyuma ya nyumba akitembea polepole, mkono wake unapapasa udongo wa ukuta, anatafuta mlango ulipo. Athumani alitoka na koroboi, akazunguka nyumba nzima, akarudi kuniambia hakuna mtu. Nilijua hakuna mtu, ndiyo sababu nikaogopa. Na nilimwonea huruma. Yeye ndiye aliyeahidiwa barua, na sasa hata ikifika hapakuwa na wa kumpokelea.

Mwaka mpya ulipoingia nilimwomba Somoe tuende tena mjini, safari ya mwisho. Alikubali kwa shingo upande, akanionya kwamba maswali yote atayajibu yeye. Kwenye baraza la kliniki tulikaa karibu na mwanamke wa Mtawanya aliyekuwa anakula embe, maji yanamchirizika mpaka kwenye kiwiko, huku anataniana na mfagiaji. Tulipoingia ndani Somoe aliulizia faili la ndugu yake bila kutaja jina, na Sista Agnes, aliyemjua, alifungua kabati, akatoa faili, akasoma, kisha akamtazama Somoe peke yake na kumpa pole; mimi, kwa nywele zilizoanza tu kuota na mwili uliokonda, hakunitambua.

Nililivuta faili kutoka mikononi mwake. Kusoma najua, nilihitimu elimu ya watu wazima. Iliandikwa kwa wino wa buluu: Mwanahawa Issa amefariki, Novemba 1974, nafasi apewe anayefuata. Chini yake palikuwa na jina la Erasto, tarishi wa kliniki.

Somoe alikumbuka. Siku moja ya Novemba, mimi nikiwa shambani naokota korosho, akaja mgeni wa bara na baiskeli, barua mkononi, akaulizia jina lile kwa sauti mbele ya nyumba yetu. Somoe akamjibu kama sharti lilivyotaka, kwamba huyo tulishamzika. Yule mgeni akavua kofia, akaomba radhi, akaondoka na barua yake. Hakusema uongo hata mmoja wao.

Kilichonitisha ni kwamba sikushtuka. Nilisoma kifo changu nikaona kimechelewa kuandikwa. Kisha hasira ikanipanda, hasira ya kweli, ya kwanza mwaka mzima, nikaishika kwa mikono miwili. Mgonjwa ndiye anayepewa dawa, na Esha hakuwa mgonjwa katika karatasi yoyote.

Somoe aliniona ninavyovuta pumzi. Akanikamata kifundo cha mkono.

"Ukilitaja, umemfungulia mlango."

"Mwanahawa Issa ni mimi," nikamwambia Sista Agnes. "Niandike upya."

Aliandika. Kisha akanieleza, kwa upole wake uleule, kuwa watu ishirini wameshatimia. Kundi la pili linangoja kibali. Kabla ya hapo iletwe barua ya mwenyekiti wa kijiji kuthibitisha kuwa mimi ni hai, nayo ipelekwe Dar ikasainiwe. Nikauliza miezi mingapi. Akainamisha uso.

Nikauliza nafasi yangu alipewa nani. Alinyoosha kidole barazani, kwa yule mwanamke wa Mtawanya.

Nilimwendea nikamuuliza dawa ile ikoje. Alifikiri kidogo, akajifuta kidevu.

"Asubuhi inakuwa asubuhi tu," akasema.

Nilikaa kando yake kwenye benchi. Lori la ushirika lilipiga honi barabarani, na Somoe akasimama mbele yangu bila kunitazama usoni. Hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa nafuu.

"Nilikuwa na jina moja la kuzika, nimelizika," akasema. "Dawa isipokuja, safari hii nitamzika nani?"

Alishika njia kulifuata lori, na mimi nikarudi ndani kumuuliza Sista Agnes barua ya mwenyekiti inaandikwaje.