Mwacheni Apumzike

Siku ya kuganduka ilikuwa imekaribia, na Akimana alikuwa bado anaimba kwenye simu za watu.

Kuganduka ndiko kuondoa msiba. Ukoo hukutana, mkubwa wao husimama akamuuliza mama wa marehemu kama kilio kimekwisha. Mama akiitikia, watu hunyoa nywele na kurudi kwenye shughuli zao. Esteri, mama yake Akimana, alitaka sana kuitikia. Lakini angemuagaje mwanawe, na mwanawe hajaachwa aondoke?

Mtu asiyejulikana alikuwa ameichukua picha ya Akimana, ile ya sare ya kwaya, akaipitisha kwenye programu ya kuchezesha picha. Sasa marehemu alikuwa akikonyeza jicho, akikata kiuno, akiimba wimbo wa mapenzi kwa sauti ya mwanamke mwingine. Esteri alipoiona mara ya kwanza alimwitikia kabla hajakumbuka kwamba amekufa.

Alitoka kijijini kwao Kumsenga akaenda mpaka mjini Kasulu, kwa Mansuri, fundi simu.

"Kitoe hiki," alimwambia.

"Mama, simu yako ni nzima. Hiki hakikai humu. Kiko kwao, wenye mtandao."

"Kwao wapi? Niende."

Mansuri alikuna kichwa. Hakucheka. Alibonyeza mahali pa kulalamika, akaandika kwamba huyu ni marehemu na mama yake yupo hapa analia. Kabla Esteri hajamaliza soda aliyopewa, jibu lilikuja: video haijavunja kanuni yoyote.

"Nani kajibu?"

"Hakuna mtu, mama. Ni mashine."

Aliporudi, shemeji yake Nestori, mkubwa wa ukoo, alimsikiliza mpaka mwisho. "Umekwenda peke yako, ndiyo maana," akasema. "Kwetu aliyefiwa haachwi akaseme peke yake. Tutakwenda wote."

Jumapili, ibada ilipokwisha, watu walibaki kwenye ua wa kanisa na simu zao. Nestori aliwapa maneno: Mwacheni apumzike. Kila mmoja aliyaandika chini ya video.

"Anania, andika kwa adabu, usituwekee vile vikatuni vyako vya kucheka!" mzee mmoja alimkemea kijana.

"Wewe shughulika na miwani yako, umeishika simu kichwa chini!" Anania alimjibu.

Mabibi wasiojua kuandika walionyeshwa alama ya moyo, wakaibonyeza. Walibonyeza kwa heshima, kama mtu anavyoingia msibani akashika mkono wa mfiwa bila kusema neno. Wengine waliitazama video mara nyingi, ili wahakikishe maneno yao yamefika. Esteri aliwatazama, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi alihisi ana watu.

Kesho yake Mansuri alipiga simu. "Mama, mmefanya nini? Mashine haisomi kilio. Ikiona watu wengi wameandika na kuweka mioyo, inasema hii wanaipenda, inaisambaza."

Video ilikuwa imefika Kahama, Dar, hata Bujumbura. Wasichana wasiomjua Akimana walikuwa wakimwiga, wakikata kiuno kama yeye, na chini yake wameandika, kwa vicheko: Mwacheni apumzike.

Esteri alimpelekea Nestori habari hizo. Nestori akasema, "Tukiandika tena, tunaongeza. Tukinyamaza, inaendelea." Hakumtazama Esteri usoni.

Siku ya kuganduka watu walikuja hata kutoka mbali, Murungu. Wembe ulikuwa umeandaliwa, urwarwa, pombe ya ndizi, umemiminwa. Nestori akasimama.

"Mama Akimana, tukuulize mbele ya wote. Kilio kimekwisha?"

Esteri alifungua kinywa. Aliwaona waliokuja kwa ajili yake, wale wale walioandika, wakisubiri neno moja waachiliwe.

"Shemeji," alisema, "sijui namuaga yupi."

Nestori akaketi. Hakuna aliyejua kinachofuata, maana desturi haikuwa na jibu la namna hiyo. Watu walikunywa taratibu, wakaanza kuaga mmoja mmoja, nywele zao zikiwa vilevile, na Esteri akawashika mikono akiwaambia asanteni, asanteni kwa kuja.