Koti Linalonienea Lakini Halinifai

Tangu avae miwani mipya, Bibi alikuwa amegombana na kila kabati la nyumba.

"Vumbi hili limetoka wapi? Juzi halikuwepo!"

"Lilikuwepo, Bibi," alisema mjukuu wake bila kuinua uso. "Macho yako ndiyo hayakuwepo."

Mjukuu huyo alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni, naye alikuwa akijiandaa na mtihani wa kuwa msimamizi wa stesheni. Alishaanguka mara mbili. Akianguka ya tatu, basi tena, atakagua tiketi mpaka astaafu. Hesabu alizimudu, kanuni alizijua kama kiganja chake. Kilichomwangusha ni yale maswali ya mambo mawili yanayogongana.

Bibi, fundi cherehani, alikuwa akikata matundu mapya ya vifungo kwenye koti la kazi la mjukuu wake. Ya zamani yalikuwa yamelegea kama mdomo wa mlevi.

"Hebu nisomee moja."

"'Zahanati iliongeza wauguzi, lakini foleni ikarefuka. Lipi linaeleza jambo hili?' Nimechagua D: zahanati imedanganya."

"Ukapata?"

"Nimekosa!" Akatupa kalamu mezani. "Bibi, watu wawili wakigombea kiti kimoja, mmoja ni mwongo. Miaka tisa nafanya kazi hiyo."

"Ndiyo maana. Umezoea kukamata watu, mke mwenzangu. Sasa muuguzi wa watu kakukosea nini?" Akainua mkasi. "Kitendawili!"

"Bibi, sina muda..."

"Kitendawili!"

"Haya, tega."

"Kila nikikikata, kinakua."

Mkaguzi akatazama mkono wa bibi yake na ncha ya mkasi iliyozama kitambaani. "Tundu."

"Ehee! Mbona hukusema Bibi mwongo, kitu kikikatwa hupungua?"

"Si kitendawili? Unakubali kwanza yote mawili, halafu unatafuta..."

"Sema, usimeze."

"Halafu unatafuta kitu kinachoyapatanisha."

"Haya. Niliponunua cherehani ya pili, foleni hapo mlangoni ilipungua?"

"Wapi! Ilifika barabarani. Watu walisikia nguo hazilali kwako, wakaja hata waliokuwa wakishona kwingine..." Akajipiga paji la uso. "Kumbe na zahanati ni hivyo hivyo!"

"Mimi zahanati siijui. Kafute vumbi."

Siku ya mtihani alikwenda na koti lake, vifungo vyote saba vimefungwa. Swali la mwisho likamkodolea macho: nyumba ya wageni iliweka taa kali zaidi, wafagiaji ni walewale, wanafagia vilevile, lakini malalamiko ya uchafu yakaongezeka.

Kalamu ikakimbilia D, wageni ni waongo, kama punda anayejua njia ya zizini. Akaivuta. Wafagiaji wanafagia, kweli. Wageni wanaona uchafu, kweli. Kisha akilini akamwona Bibi na miwani yake, akilisuta kabati.

Kicheko kikamponyoka.

"Wewe wa dirishani," alisema mzee aliyesimamia mtihani, "kuna nini?"

"Vumbi tu, mzee wangu."

Akatia alama kwenye B: mwanga haukuleta uchafu, uliuonyesha.

Wiki tatu baadaye aliingia nyumbani na barua mfukoni, uso mkavu kama ukuta.

"Kitendawili!"

Bibi akaacha kukanyaga cherehani. "Tega."

"Koti langu linanienea, lakini halinifai tena."

"Umenenepa."

"Nimesema linanienea."

"Basi matundu yangu yamechanika!"

"Mazima, yamekaza kama ngumi."

"Sasa unanidang..." Bibi akajiziba mdomo.

"Nipe mji, Bibi."

"Mji sikupi!" Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni, akaivaa. Akautazama ule uso mkavu, akaona pembe za mdomo zikitetemeka. Kigelegele alichokipiga kiliwatoa majirani nje.

"Msimamizi wa stesheni havai koti la mkaguzi! Njoo hapa nikupime."

Utepe wa kupimia ulikuwa tayari mabegani mwa mjukuu.

"Ila matundu saba nimekata bure," alinung'unika Bibi huku akipima. "Matundu saba, mtoto wewe, na ulijua utafaulu!"