Mke wa Askari Jela

Chepkorir alilinda wafungwa wanawake miaka mingi, kisha akastaafu na kurudi Kapsoit kwenye shamba lake la majani chai. Mwaka ule serikali ilianza kuwalipia askari wastaafu sehemu ya bima ya hospitali, naye akaja Kericho mjini kuomba msaada huo. Hakuja kwa ajili yake mwenyewe. Chepkemboi, mwanamke mdogo kwake kwa umri, aliketi kando yake ameshika tumbo. Alikuwa na uvimbe, na daktari alitaka kumpasua mapema.

Karani wa ofisi ya bima, Gichana, alieleza kwamba msaada ni wa mstaafu, mume au mke wake, na watoto. Mume yuko wapi? Chepkorir akasema alifariki zamani bila mtoto, ndipo yeye mwenyewe, kwa desturi ya Kipsigis, akatoa ng'ombe akamwoa Chepkemboi ili nyumba ya marehemu ipate wana. Wana wawili walikuwepo, Chepkemboi aliwazaa na kwa desturi wakahesabiwa wa marehemu. Huyu ndiye mke wake.

Gichana hakucheka. Hata kwao Kisii wanawake huoa. Lakini aliwajua wakubwa wake wa Nairobi: wasingekubali mke wa mwanamke. Akashusha sauti.

"Mama, tuseme ni binti yako hajaolewa. Atatibiwa wiki hii. Askari jela mzima unaogopa uongo mdogo hivi?"

Chepkorir alimfikiria shemeji yake Kiptanui, anayelitamani shamba lile tangu mazishi ya mumewe. Akisikia kwamba serikalini Chepkemboi ni binti, atasema wavulana wale ni wa nje, hawana urithi. Kisha akautazama uso wa Chepkemboi, uliokuwa umepauka kama majivu.

"Andika binti," akasema.

"Usiandike." Chepkemboi alizungumza kwa mara ya kwanza, akimgeukia Chepkorir kama mke kwa mumewe. "Mzee, binti huolewa akaenda zake. Mimi nililetwa kwako nikae. Nikipona kwa jina la binti, wanangu watalima wapi?"

Chepkorir akamwambia atakufa. Chepkemboi akajibu kwa upole kwamba hajakataa kupasuliwa, amekataa kuwa binti. Ng'ombe wa maziwa si yuko?

Gichana akaandika mke, akawaonya kwamba jibu litakuwa hapana.

"Peleka tu," Chepkorir akasema. "Wakikataa, wajue wanamkataa nani."

Akamshika mkewe mkono, wakatoka polepole kwenda kumtafuta mnunuzi wa ng'ombe.