Roli Arobaini na Nane

…weee, dada, Shangazi kawashika! Kawashika mchana kweupe, mbele ya baraza zima, na gambuti zake miguuni! Ningekupigia, ila sauti imenikauka kwa kushangilia, kwa hiyo kaa chini usome.

Unaujua ule mradi wa gati ambao kitengo chetu cha mipango kinahangaika nao tangu niajiriwe. Meli za watalii zinatia nanga mbali, abiria wanaletwa kwa boti ndogo ndogo. Kila mtu anataka gati refu na kina cha kutosha ili meli zifunge hapa hapa. Hilo halina ugomvi. Ugomvi ni nani alipe. Ama kila abiria anayeshuka alipe ada kupitia meli yake, ama sisi wa mjini tubebe tozo kwenye vibanda, teksi na boti kwa miaka kumi na tano.

Leo ndiyo ilikuwa kura. Mimi ndiye nilikuwa kwenye projekta, nimevaa ile blauzi yako (usinune, nitaifua). Nikawaonyesha hesabu zangu: kwa wastani wanashuka abiria mia mbili kila meli. Nilizitoa kwenye kitabu cha getini, miaka sita mizima, mstari kwa mstari. Na kwa watu mia mbili, ada haifikishi hata robo ya mkopo wa kujengea gati.

Wakala wa meli, yule tunayemwita Bwana Kola kwa jinsi shingo ya shati lake inavyosimama, akainuka anatabasamu. "Namshukuru sana huyu binti, hesabu zake safi kabisa. Wageni wetu wanapenda kubaki melini. Si haki kuwadai gati wasilolikanyaga."

Nikavimba kichwa, dada. Nimesifiwa! Kumbe nasifiwa kwa kuwachimbia shimo watu wangu.

Ndipo nikasikia kutoka nyuma kabisa: "Mia mbili?"

Shangazi! Katoka zamu moja kwa moja, aproni bado imelowa kifuani. Na wewe unajua nilivyokuwa chuoni, mtu akiniuliza nasema "shangazi yangu yuko idara ya usafi," nabadilisha mada. Leo nilitamani niandike mgongoni mwa blauzi kwamba huyu, msimamizi wa vyoo vya bandari, ni shangazi yangu wa damu.

"Hao mia mbili mmewatoa wapi?" akasema. "Siku ya meli natumia roli arobaini na nane za tishu. Katoni mbili, waulizeni stoo. Roli moja inahudumia watu thelathini. Sasa kama ni watu mia mbili wanaonimalizia roli arobaini na nane, hao si watalii, ni wagonjwa! Tuwaitie daktari!"

Ukumbi ukalipuka. Mtunza stoo, safu ya pili, akanyoosha mkono huku anajifuta machozi ya kicheko. "Ni kweli, Mama Mwenyekiti. Katoni mbili kila meli. Mimi ndiye natoa."

Bwana Kola hakucheka. "Kitabu cha getini ni cha bandari yenyewe," akasema. "Na njia ya kutoka ni hiyo moja. Ule mlango wa pembeni kule vyooni una kufuli miaka yote."

Shangazi akajishika aproni kifuani. Nikaelewa. Mwezi uliopita nilichapa tangazo kwa mikono yangu: mfanyakazi atakayefungua mlango uliofungwa na bandari anaachishwa kazi siku hiyo hiyo. Na Shangazi kabakiza miezi minane tu achukue kiinua mgongo chake, kile cha kuezekea nyumba. Nikamtumbulia macho: kaa, Shangazi, kaa chini!

"Basi wanapita wapi?" Mama Mwenyekiti akamuuliza.

Shangazi akawatazama wale kina mama wa vibandani, safu nzima ya kushoto, wanaongoja kusikia watatozwa nini. Kisha akaingiza mkono kifuani, akatoa ufunguo wenye uzi mwekundu.

"Kufuli ni la bandari," akasema. "Ufunguo ni wangu. Nilichongesha."

Akaushikilia juu, ukumbi mzima uuone.

"Kutoka kwenye boti mpaka getini ni ngazi arobaini na moja. Meli ya kwanza ilishusha bibi mmoja ana fimbo, kufika ngazi ya tisa akakaa analia. Nikampitisha kwangu, ni tambarare mpaka barabarani. Wenzake wakamfuata. Tangu hapo kila meli nafungua asubuhi, nafunga jioni. Wenye magoti mazima wanapanda, mlinzi anawaandika. Waliobaki wote ni wangu."

Miaka sita! Na hakuna hata mmoja wa mipango aliyewahi kushuka kwenda kuangalia, mimi na digrii yangu nikiwemo. Dirisha letu linatazama maegesho ya magari.

Bwana Kola akaruka juu. "Basi walitoka kinyume cha sheria! Hawawezi kuhesabiwa!"

"Kwa hiyo na haja walijisaidia kinyume cha sheria?" Shangazi akamuuliza kwa upole.

Mama Mwenyekiti akagonga meza mpaka glasi ikaanguka, lakini nilimwona, naye mabega yanamtikisika. Akaniamuru nipige hesabu upya pale pale. Nikazidisha roli kwa watu, nikaweka kama elfu moja na mia nne. Mstari wa ada ukapaa juu ya mstari wa mkopo! Deni linaisha mwaka wa kumi na moja, bila mtu wa kibanda kutoa hata senti. Kumi na tisa wakasema meli zilipe, watatu wakakataa. Vigelegele hadi mlinzi akakimbilia ndani akidhani kuna moto.

Lakini mimi namwangalia Meneja wa bandari tu. Akatuita ofisini, mimi na Shangazi. "Binti, chapa."

Nikachapa: umefungua mlango wa bandari bila kibali. Mikono ikagoma. "Meneja, unamfukuza?"

"Tangazo lina mwezi mmoja. Meli ya mwisho iliondoka lini?"

"Miezi mitatu iliyopita," nikasema.

"Basi tangu tangazo litoke hajafungua kitu. Chapa: hili ni onyo la kwanza na la mwisho." Akasaini. "Sasa weka karatasi nyingine. Msimu ujao mlango wa pembeni ni njia rasmi, na msimamizi wake ni huyu mama."

Ungedhani Shangazi atashukuru. "Mlango nimekubali," akasema, "ila kwenye gati jipya mniwekee vyoo ishirini. Hivi sita vya sasa ni dharau." Na Meneja akaandika ishirini, dada! Kwa kalamu yake!

Bado kuna la Bwana Kola. Baada ya mkutano kabanwa, kashuka mbio kuelekea vyooni, akamkuta Shangazi kasimama mlangoni. Alichomwambia, hapana, hicho nakupa kesho asubuhi, maana kikitaka kusimuliwa vizuri kinahitaji pumzi, na hapa Shangazi ananiita nimshikie ngazi atundike barua yake ya onyo sebuleni.