Kamba Mguuni pa Msalaba

Kamba ilikatika, na Tibang akaangukia makalio juu ya rundo la makumbi. Vumbi la usumba, nyuzi za makumbi, likajaa jikoni. Paka aliyekuwa amelala kwenye jivu alitoka mbio bila kuuliza kulikoni.

"Sasa wewe unapima kamba au unapima dari?" Dencio, mumewe, alisema mlangoni. Upanga wa kugemea ulikuwa kiunoni, chombo cha mwanzi begani.

"Imekatika."

"Kamba gani isiyokatika ikining'iniwa tangu jana? Hata mimi ukinining'inia hivyo nitakatika."

Tibang hakucheka. Aliiokota, akapatafuta palipokatika, akaanza kuifumua uzi mmoja mmoja, kama alivyozifumua zote alizosokota mwaka ule na mwaka uliotangulia. Dencio alimtazama kidogo, akajikuna shingo.

"Haya. Kamba zilizoko juu bado ngumu," alisema, maneno yale yale ya Pasaka iliyopita, akaenda zake.

Kwetu Malinaw mgema hashuki mnazi mmoja ndipo apande mwingine. Akifanya hivyo, jua litamkuta hajamaliza hata robo ya miti yake. Juu, karibu na makuti, kila mnazi umeunganishwa na mwenzake kwa mianzi miwili, mmoja wa kukanyaga na mmoja wa kushika. Mgema hupanda alfajiri mti wa kwanza, kisha hutembea angani mti hadi mti, akichonga makole, vikonyo vya maua vinavyotoa tembo, na kulikusanya, na hagusi ardhi mpaka tumbo limkumbushe. Mianzi hukatwa na wanaume. Kamba za kuifungia, kwenye mashina na katikati ya daraja, husokotwa na wake zao. Na mwanaume wa Malinaw hafungi daraja lake kwa kamba ya mke wa mwenziwe, maana hiyo ni kumtangazia mkewe aibu kijiji kizima. Zile za nailoni za dukani ndiyo kabisa hawazitaki. Mwanzi ukilowa zinateleza, na fundo hujilegeza lenyewe mtu akiwa katikati.

Kila Alhamisi Kuu wanawake hupeleka kamba mpya kikanisani. Hulazwa mguuni pa msalaba uliofunikwa kitambaa cha zambarau, na hapo hapana tena wa kuzigusa, si aliyezisokota wala atakayezikanyaga, mpaka asubuhi ya Pasaka. Ndipo madaraja yote hufungwa upya. Tangu aolewe, Tibang alipeleka zake kila mwaka, na zilisifiwa. Padri mmoja aliwahi kumwomba moja ya kengele, na kengele ile inavutwa kwa kamba hiyo hadi leo.

Kisha Takyo akaanguka.

Takyo ni mdogo wake Tibang. Mkewe alishafariki, kwa hiyo kamba za madaraja yake alisokotewa na dada yake. Mwaka juzi, mvua za kwanza baada ya Pasaka, daraja lilimwacha katikati ya minazi miwili. Aliangukia kichaka cha migomba, akavunjika paja, akapona akiwa na mguu mmoja mfupi. Siku hizi anashika funguo za kikanisa na kupiga kengele. Yeye husema mwanzi ndio uliovunjika. Tibang aliamini anamfichia, na kuanzia siku ile mikono yake ikawa haimalizi kitu. Alisokota, akapima, akaona mahali pembamba, akafumua. Pasaka iliyofuata alikaa nyumbani akisema anaumwa kichwa, na Dencio akamwambia zilizoko juu bado ngumu.

Na kila asubuhi alisimama chini ya minazi, rozari mkononi, shingo ameikunja nyuma, macho kwenye nyayo za mumewe. Hakumwambia mtu, lakini aliamini kwamba yeye akiruka shanga moja, Dencio atakosa hatua moja. Alisali hivyo mpaka midomo ikamkauka. Akirudi nyumbani alikuwa amechoka kuliko mume aliyepanda.

Asubuhi ile pia, Jumatano ya Juma Kuu, alimfuata. Alifika amechelewa, Dencio yuko juu tayari, anaelekea mnazi wa tatu. Tibang akainua uso, akashika shanga ya kwanza, na kitu kikamwingia jichoni.

Alipangusa kwa ncha ya kanga ya kichwani. Kikaingia kingine. Akainama kufikicha, na jicho lilipofunguka likaona ardhi. Majani ya magimbi yaliyoota chini ya daraja yalikuwa yamenyunyiziwa vumbi jeusi, kama tumbaku iliyomwagika mfukoni mwa mzee. Lilikuwa limejipanga mstari mmoja, kutoka shina hadi shina. Aliokota kipande kirefu kidogo, akakisugua kwa vidole. Ulikuwa usumba, umesokotwa kuelekea kulia na kubanwa mara mbili, msokoto ambao Malinaw nzima ni wa mkono mmoja tu, wake. Ukasagika ukawa unga.

Muda wote huo alikuwa akitazama juu. Hakuwahi kutazama chini hata mara moja.

Aliinua macho tena, na safari hii aliona kitu kingine. Dencio hakuwa akitembea katikati ya mwanzi kama zamani. Alikanyaga karibu na fundo, akachukua hatua moja ndefu, akangoja mwanzi utulie, ndipo akavuta mguu wa pili. Anajua, Tibang akawaza. Mungu wangu, huyu mtu anajua.

Hakumwita. Mtu aliye darajani haitwi. Alikaa juu ya shina lililoanguka, mikono katikati ya magoti, mpaka mumewe aliposhuka na tembo lake.

"Tangu lini unajua?"

"Najua nini?"

"Dencio."

Akatua chombo, akaketi kando yake. "Tangu Oktoba. Kulikuwa na upepo, nikaona mafundo yanapukutika."

"Na hukusema!"

"Ningesema nini, mke wangu? Ulikuwa unafumua. Ningesema, si ungefumua mbio zaidi?"

"Ungechukua za jirani yetu Oryang! Ana kamba mpaka za kufungia nguruwe!"

"Nikazikanyage za Oryang na mimi nina mke? Waseme Tibang amekatika mikono?" Alijaribu kucheka, kicheko hakikufika mbali. "Nakanyaga pembeni. Mungu yupo."

Tibang alilia. Hakulia kwa huzuni, alilia kwa hasira, na hasira yote ilikuwa ya kujikasirikia. "Nilikuwa naogopa utakufa," alisema, "na hofu yangu ndiyo inayokuua."

"Bado sijafa," Dencio alisema. "Nina njaa tu."

Alimpa chakula, uji wa mchele na samaki mkavu, kisha akateremka kikanisani. Takyo alikuwa amekaa kwenye ngazi akikwangua nta kwenye vinara, mguu mfupi ameunyoosha juani.

"Takyo, niambie kweli. Siku ile."

"Mungu nisaidie, tunaanza tena." Aliweka kinara chini. "Mwanzi, dada. Fukusi walikuwa wameula ndani. Niliusikia unalia siku mbili kabla, nikaona uvivu kwenda kukata mwingine. Mwanzi ulivunjika, kamba yako ikabaki juu pale na fundo lake, inanicheka."

"Unasema hivyo ili nipoe."

"Mimi? Lini nimekutakia upoe? Umenifinya tangu ninanyonya."

Tibang akatabasamu bila kupenda. Akakaa. "Ulipokuwa unaanguka, uliogopa?"

"Nafasi ya kuogopa niipate wapi? Niliona migomba inakuja." Akaokota kinara, akakigeuza. "Lakini nikwambie kitu. Kila asubuhi kabla sijapanda, nilikuwa namwambia Mungu, nishikie roho yangu mpaka nishuke. Siku ile nilishuka haraka kuliko tulivyopatana. Nilipofungua macho kwenye migomba, Yeye alikuwa bado ameishika. Basi. Ndiyo yote ninayojua. Ukitaka mengine kamuulize padri."

Alirudi nyumbani, akatoa makumbi yaliyoloweshwa, akayaponda, akaanza kusokota. Alisokota Jumatano ile na Alhamisi asubuhi, viganja vikamwiva. Kila alipomaliza moja, mikono ilitaka kuitupa darini iipime. Alikuwa amejifunza jambo moja kwa kuanguka kwake juu ya makumbi, kwamba kamba inayopimwa kila siku huchoka kabla ya kazi. Akawa anafunga ncha na kuigeuzia mgongo. Kwenye kamba ya mwisho aliona mahali pembamba, au alidhani ameona. Aliketi nayo mapajani kwa muda mrefu. Kisha akaiweka pamoja na nyingine.

Wanawake walipomwona anaingia kikanisani na mzigo kichwani, Oryang alishindwa kujizuia. "Bi Tibang! Kichwa kimepona?"

"Kimepona. Sasa inauma mikono."

Walicheka, wakampisha njia. Aliziweka mguuni pa msalaba, chini ya zile za wengine, kisha akafikiri, akazitoa akaziweka juu. Takyo, aliyesimama mlangoni na funguo zake, akakohoa. Tibang akaacha hapo hapo, akapiga magoti, akatoka.

Ijumaa Kuu hakuna agemaye. Tembo hudondoka lenyewe na nyuki hufurahi. Tibang alifagia uwanja mara mbili, akaufagia tena. Alimenya magimbi ya kutosha nyumba tatu. Jumamosi mchana ile kamba ya mwisho ilikuwa imekwisha kuwa nyembamba kichwani mwake kama uzi wa kushonea, na Dencio alikuwa akianguka kila alipofumba macho.

Alikwenda kikanisani. Kumefungwa. Takyo alikuwa nyuma, anawapa kuku maji.

"Naomba niiguse moja tu," alisema. "Sifumui. Naigusa tu nijue."

Alitegemea kukataliwa. Alikuwa ameandaa hata maneno ya kugombana naye. Takyo akamtazama, akatia mkono mfukoni, akampa ufunguo.

"Si imekatazwa?"

"Imekatazwa," Takyo alisema, akarudi kwa kuku wake.

Ndani kulikuwa na joto na harufu ya nta na makumbi. Alijua mahali pake bila kutafuta. Kamba yenyewe ilikuwa juu kabisa, ncha yake imejitokeza kumwelekea. Alipiga magoti karibu, karibu kiasi cha kuhesabu nyuzi. Mkono ukainuka wenyewe.

Hakuwa na rozari, ameisahau nyumbani. Hakujua aanze na sala gani. Akasema tu kama mtu anavyosema na mwenye nyumba: "Bwana, nimesokota nilivyoweza. Mkono wangu unaishia hapa. Yule mtu ni wako, hata mimi ulinipa tu nikae naye. Ninaogopa. Nakuletea na hiyo hofu, maana sina pengine pa kuiweka. Mshike wewe. Akipita, mshike. Akianguka, mshike vile vile."

Lile neno akianguka, alikuwa amelisema. Miaka miwili hakuthubutu kulitamka hata moyoni. Sasa limetoka, na kitambaa cha zambarau kilikuwa bado kimetulia mahali pake, na nje kuku walikuwa wanagombania maji. Mkono wake ulikuwa bado uko hewani. Aliurudisha, akaulaza juu ya wa pili, akakaa hivyo mpaka jua likahama dirishani. Alipumua. Alikuwa amesahau kwamba pumzi inaweza kufika chini vile.

Alimrudishia Takyo ufunguo.

"Umeigusa?"

"Hapana."

"Basi nenda kapike. Kesho Pasaka, nataka wali mtamu uliofungwa majani, na usininyime kama mwaka jana."

Asubuhi ya Pasaka, baada ya Misa, wanaume walibeba kamba mabegani kama shada, wakaenda minazini wakiimba. Kutwa nzima Malinaw ilisikika ikigongwa na kukazwa. Dencio alishusha kamba za zamani, na alipozikusanya hazikujaza hata kofia. Alizichoma bila kumwonyesha mtu.

Kesho yake kulipokucha alipanda na chombo chake. Tibang naye alikuja, lakini na kapu la makumbi. Alitafuta kivuli, akaketi ameegemea shina la mnazi wa kwanza, mgongo kwa daraja, akaweka nyuzi mapajani. Kamba za mwaka ujao haziwezi kungoja mwaka ujao.

Alisikia miguu ikimaliza vidato vya mnazi. Alisikia upanga ukichonga kole. Kisha mwanzi mpya ukalia, mara moja, mara mbili, ukanyamaza. Amefika katikati. Pale pale kwenye kamba ya mwisho, Tibang alijua bila kuambiwa, na moyo ukamruka kama zamani.

"Tibang!" sauti ilitoka juu. "Huniangalii leo?"

"Shingo imenichoka!"

"Sasa nani ananiangalia?"

"Unamjua. Pita."

Kicheko kikashuka kutoka juu. Tone la tembo lilidondoka kwenye kiganja chake, la uvuguvugu. Alilifuta kwenye kanga, akachukua nyuzi mbili, akazisokota kuelekea kulia, na juu yake mwanzi ukaanza tena kulia.