Picha ya Kutangulia Jeneza

Mzee Shivachi alikuwa anarudi kwao Kakamega kesho alfajiri, na safari hii hakuna aliyetaja siku ya kurudi Nairobi. Binti yake Jentrix alikuwa ameshafunga karibu mizigo yote. Kilichomnyima usingizi ni picha.

Kwao, maiti ikitolewa nyumbani, mjukuu hutangulia mbele ya jeneza ameshika picha ya marehemu kifuani. Mama yake Jentrix alipofariki, picha ilikosekana. Wakakuza ile ya kitambulisho mpaka uso ukawa kama uji uliomwagika, na wageni wakanong'onezana, kwani huyu ni nani? Mzee aliitazama akasema, "Mimi msinitangulize na aibu kama hiyo." Jentrix akaahidi kwamba bintiye Daisy atashika picha safi.

Ahadi ni rahisi mdomoni. Sasa mzee alikuwa anatetemeka mikono na kidevu kama kuku aliyenyeshewa. Hospitalini walisema ni ugonjwa, tena hauponi. Majirani hapo mtaa wa Raila, Kibera, walisema ni pombe ya chang'aa, na mzee wa watu hajawahi kuionja. Tangu maneno hayo yamfikie, hakutoka nje tena. Alishinda ndani, blanketi magotini, mikono ameificha chini yake.

Basi Jentrix akamwita Caren, mwenye studio ya picha kule Gatina, Kawangware. Caren akaja alasiri, akamkalisha mzee chini ya balbu, akapiga. Akaangalia kamera.

"Imetoka?" Jentrix akauliza.

"Njoo uone, Mama Daisy."

Mzee alikuwa na pua mbili.

"Kamera ina kope kama jicho," Caren akamweleza polepole. "Humu ndani ni giza, kwa hivyo naiacha ifumbue kidogo ili inywe mwanga. Mtu akitikisika ikiwa imefumbua, anatokea mara mbili. Nikiipepesa haraka nitamnasa, lakini mwanga hautatosha."

Akaipepesa haraka. Picha ikatoka nyeusi kama sufuria ya makaa.

"Baba, jaribu kutulia basi," Jentrix akasihi.

"Mimi nimetulia. Huu mwili ndio haujaambiwa."

Kadiri alivyoombwa atulie, ndivyo alivyozidi kutetemeka. Jentrix akafungua mlango wazi, mwanga uingie. Hapo hapo Vincent, muuza makaa wa mlango wa pili, akachungulia.

"Mzee, leo umeanza mapema?"

"Funga mlango," mzee akasema.

"Baba, nje bado kuna jua. Dakika mbili tu."

"Nimesema funga."

Akafunga. Kupitia ufa wa mabati aliona jua likiteremka upande wa mtaa wa Olympic, halingoji mtu. Caren naye alikuwa ameshika kifuniko cha kamera, kama mtu anayetafuta namna ya kuaga. Jentrix hakujua aiweke wapi mikono yake. Akaichukua isikuti ya baba yake ukutani, ile ngoma ya ngozi ya kenge aliyokuwa akipiga kwenye arusi, aifunge pamoja na mizigo. Ikagonga kitanda. Du!

"Taratibu, utaipasua," mzee akasema. "Lete hapa."

Akasimama, akaibana kwapani, akaipiga kwa kiganja. Akapiga tena. Blanketi likaanguka, na hakuna aliyeliokota.

"Mama Daisy," Caren akanong'ona. "Angalia mkono."

Mkono ulikuwa unaenda ulikotumwa. Kidevu kimetulia, macho yamefumbuka.

"Mzee," Caren akasema, "unatutoboa masikio humu ndani. Si utoke nayo?"

Mzee akacheka, akatoka akiwa bado anapiga. Vincent akasogea kando. Jentrix akasimama mlangoni akiomba kimoyomoyo: mkono usichoke, jua lisizame, mtu asiseme neno. Alitaka kumwambia baba yake atulie. Caren akamkanyaga kidole cha mguu.

Kamera ikapepesa haraka. Halafu Caren akazungusha kitufe, akabana viwiko mbavuni asitikisike, akaiacha ifumbue kidogo. Mzee akapiga pigo la mwisho, akatafuta pa kukaa. Vincent akamsukumia kigoda chake.

Caren akamwonyesha picha mbili. Katika ya kwanza, mkono ulikuwa umesimama hewani, kila kidole kinahesabika. Katika ya pili, uso ulikuwa wazi mpaka mikunjo, lakini mkono ulikuwa kama moshi juu ya ngoma.

Jentrix akaigusa ya pili. "Hii imeharibika. Mkono umetikisika."

"Lete nione." Mzee akaziangalia kwa zamu. "Ile ya kwanza nimeshakufa, mkono umeganda. Hii ndiyo yangu. Atakayeiona atajua nilikuwa napiga." Akamtazama Vincent. "Au wewe unaona pombe hapo?"

"Naona ngoma, mzee," Vincent akasema.

Mkono wa mzee, uliopumzika juu ya ngozi ya kenge, ukaanza kutetemeka tena. Safari hii hakuuficha. Jentrix akaketi chini kando yake, akauangalia mpaka jua likazama.