Sanda ya Azamat

Bakiri, fundi cherehani wa mtaa wa Turffontein, alikuwa akikata sanda ya jirani yake Azamat, huku simu ikiita kwao marehemu, Kirgizistani. Dada mtu akapokea, akalia, kisha akauliza kwa Kiingereza cha kuokoteza, "Mnamzika lini?"

"Leo alasiri, dada. Maiti hacheleweshwi."

"Kwetu hulazwa siku tatu kwenye hema la sufu, wanawake wamlilie. Baba yuko na farasi malishoni, juu milimani karibu na theluji. Kumfikia ni siku nzima. Msimfukie mwanawe kabla baba hajajua!"

Bakiri aliuweka mkasi chini. Kwao Tanga, akichelewesha maziko, wangesema amepotoka.

"Mpelekeeni habari," alisema. "Nitamwomba imamu tungoje mpaka kesho."

Akaikunja sanda, nusu haijakatwa.